Mtoto kapata chuo nje ya nchi: nani anaamua nini kabla hujauza kahawa

Siku chache baada ya kipindi chetu cha elimu kuzungumzia matokeo ya kidato cha sita, mzee mmoja mkulima wa kahawa kutoka Karagwe alitutumia picha kwenye WhatsApp ya kituo. Ilikuwa barua ya chuo kikuu cha nje ya nchi, yenye nembo, muhuri na jina la mwanawe. Chini ya picha aliandika: "Mtangazaji, wanataka malipo ya kwanza ndani ya siku 14. Nina kahawa ghalani na ng'ombe wawili. Niuze?"

Swali ni fupi, lakini jibu lake limegawanyika katika ofisi nyingi. Kuna chuo chenyewe, kuna serikali ya nchi kilipo chuo, kuna wakala aliyeleta barua, na kuna tume ya vyuo vikuu hapa nyumbani itakayoipokea shahada siku mtoto akirudi. Kila mmoja anaamua kipande chake. Familia nyingi huzungumza na mmoja tu, yaani wakala, kisha hudhani wote wameshakubali.

Makala hii inaeleza jinsi vyuo vikuu vinavyowapokea na kuwasimamia wanafunzi wa kigeni, kwa nini vinawahitaji, na nini hutokea mambo yanapobadilika katikati ya safari. Mwishoni kuna maswali ya kuuliza, na pia tutakuambia barua ya mzee iliishia wapi.

Kwa kifupi

- Barua ya chuo inasema kwamba chuo kiko tayari kumpokea mwanafunzi. Haisemi kwamba atapewa viza.
- Katika nchi nyingi, chuo kinachopokea wageni kinahitaji kibali cha serikali yake, na kibali hicho kinaweza kufutwa.
- Wakala mara nyingi hulipwa na chuo kwa kila mwanafunzi anayempeleka.
- Shahada ya nje inatakiwa itambuliwe nyumbani. Jambo hilo huulizwa kabla ya kuondoka, si baada ya kurudi.

Safari hii si ngeni kwetu

Vijana wa Afrika Mashariki kuvuka mpaka kwenda kusoma ni jambo la zamani. Kuanzia mwaka 1963 hadi 1970 nchi zetu tatu, Tanganyika (baadaye Tanzania), Kenya na Uganda, zilikuwa na chuo kikuu kimoja, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, chenye matawi matatu: Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Masomo yaligawanywa. Aliyetaka sheria alikwenda Dar es Salaam, aliyetaka udaktari alikwenda Makerere, na aliyetaka uhandisi alikwenda Nairobi. Kijana wa Bukoba aliyekwenda Makerere hakuonekana mgeni, kwa sababu chuo kilikuwa cha wote.

Mwaka 1970 chuo hicho kiligawanyika na kila nchi ikabaki na chake. Tangu hapo mwanafunzi anayevuka mpaka amekuwa mgeni, mwenye ada ya mgeni na kibali cha mgeni. Ili uhusiano usikatike kabisa, mwaka 1980 kiliundwa chombo ambacho sasa kinaitwa Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, kwa kifupi IUCEA, chenye makao yake Kampala. Mwaka 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza kwamba ukanda wetu ni eneo moja la elimu ya juu. Lengo ni kwamba mwanafunzi aweze kuhama, na cheti cha nchi moja kieleweke katika nchi nyingine.

Tangazo ni jambo moja, na dirisha la mhasibu wa chuo ni jambo lingine. Vyuo bado vina viwango tofauti vya ada: kuna vinavyomtoza mwanafunzi wa Jumuiya sawa na raia, na kuna vinavyomweka karibu na kundi la wageni wengine. Kwa hiyo hata kwa chuo kilicho ng'ambo ya Mutukula tu, omba karatasi ya ada ya mwaka huu yenye kundi la mwanao. Usikadirie kwa ada aliyolipa mtoto wa jirani miaka mitatu iliyopita.

Kwa nini chuo kinamtaka mtoto wako

Sababu ya kwanza ni pesa. Mfano mzuri ni Uingereza. Kule England serikali imeweka ukomo wa ada kwa raia wanaosoma shahada ya kwanza. Kuanzia mwaka 2017 ukomo huo ulikuwa pauni 9,250 kwa mwaka, ukakaa hapo kwa miaka mingi huku gharama za vyuo zikipanda, na mwaka 2025 ukasogezwa hadi pauni 9,535. Kwa mwanafunzi wa kigeni hakuna ukomo. Chuo kinajipangia, na mara nyingi ada ya mgeni huwa juu zaidi. Mwanafunzi wa kutoka nje ndiye anayeziba pengo la bajeti.

Sababu ya pili ni sifa. Taasisi zinazopanga vyuo vya dunia kwa ubora huhesabu pia ni sehemu gani ya wanafunzi na wahadhiri wametoka nje ya nchi.

Sababu ya tatu ni urafiki wa mataifa. Nchi za Jumuiya ya Madola zilianzisha mpango wao wa ufadhili wa masomo mwaka 1959, na unaendelea hadi leo. China na Ujerumani nazo hutoa ufadhili kwa vijana wa Afrika. Anayesomeshwa na nchi fulani leo, kesho anaweza kuwa waziri au mfanyabiashara anayeikumbuka nchi hiyo.

Hakuna ubaya katika sababu hizi. Lakini mzazi anapaswa kujua kwamba barua ile inaweza kuwa ni sifa kwa mtoto na wakati huohuo ni biashara kwa chuo.

Neno "bure" nalo lina masharti yake. Vyuo vya umma vya Ujerumani kwa sehemu kubwa havitozi ada ya masomo, hata kwa wageni. Ila jimbo la Baden-Württemberg, tangu mwaka 2017, huwatoza wanafunzi wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Na popote nchini humo anayeomba viza lazima aonyeshe kwamba ana pesa ya kujikimu. Njia inayotumiwa na wengi ni kuweka pesa kwenye akaunti maalumu iliyofungwa, ambayo kuanzia Septemba 2024 ilitakiwa kuwa na euro 11,904 kwa mwaka, na mwanafunzi huruhusiwa kutoa euro 992 tu kila mwezi. Pesa ni ya mwanafunzi mwenyewe, lakini lazima iwepo yote kabla ya safari.

Barua moja, hatua tatu

Ndani ya chuo, ombi la mwanafunzi wa kigeni hupita mikono kadhaa. Ofisi ya udahili huangalia vyeti. Idara ya somo husema kama anafaa. Ofisi ya wanafunzi wa kimataifa hushughulikia viza, malazi na mapokezi. Juu yao kuna seneti ya chuo, inayopitisha kanuni za nani aingie na kwa alama zipi.

Hatua ya kwanza ni barua yenye masharti. Chuo kinasema: tutakupokea ukitimiza haya. Masharti huwa ni matokeo ya mwisho, mtihani wa lugha, au malipo ya awali. Barua ya aina hii inaweza kuwa halali kabisa na bado mtoto asiwe na nafasi.

Hatua ya pili ni barua isiyo na masharti. Hapo chuo kimemaliza kukagua.

Hatua ya tatu ndiyo inayosahaulika: hati ya kuombea viza. Uingereza ni namba ya uthibitisho inayoitwa CAS. Marekani ni fomu inayoitwa I-20. Bila hati hiyo, barua nzuri kiasi gani haitamfikisha mtu kwenye dirisha la ubalozi.

Na hata hati ikipatikana, anayeamua viza ni serikali. Kwa Uingereza, kwa mfano, pesa za ada na kujikimu zinatakiwa ziwe zimekaa kwenye akaunti kwa siku 28 mfululizo. Mkulima aliyelipwa na chama cha msingi jana, akaweka pesa benki leo na kuomba viza kesho, anaweza kukataliwa ingawa pesa ni yake ya halali. Kwa hiyo kalenda ya mauzo ya kahawa na kalenda ya viza ni lazima zipangwe pamoja.

Chuo kama mlinzi wa mpaka

Hapa ndipo penye jambo ambalo wengi hawalijui. Chuo kinachopokea wageni Uingereza au Marekani kinakuwa mdhamini wa mwanafunzi mbele ya serikali. Mwanafunzi asipofika, akiacha masomo au akitoweka, chuo lazima kitoe taarifa.

Marekani mfumo huu uliimarishwa baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001. Mmoja wa watekaji nyara wa ndege zile, Hani Hanjour, aliingia nchini humo kwa viza ya mwanafunzi na hakuripoti chuoni. Mwaka 2003 vyuo vilianza kulazimika kuwaandikisha wanafunzi wa kigeni katika kanzidata ya serikali iitwayo SEVIS. Mwanafunzi akipunguza masomo chini ya kiwango bila ruhusa, taarifa yake hubadilika mle ndani na uhalali wake wa kuwepo nchini unaweza kuisha.

Uingereza mfano unaokumbukwa zaidi ni wa Agosti 2012. Mamlaka ya mipaka ilikifutia chuo kikuu cha London Metropolitan kibali cha kudhamini wanafunzi kutoka nje ya Ulaya. Mamlaka ilisema imekuta wanafunzi wasio na ruhusa ya kuwepo nchini, upungufu katika uthibitisho wa lugha, na mahudhurio yasiyofuatiliwa ipasavyo. Zaidi ya wanafunzi 2,000 walijikuta hawana uhakika wa kesho, wengi wao wakiwa hawana kosa lolote. Mwezi uliofuata Mahakama Kuu iliruhusu wanafunzi halali waliokwisha kuanza waendelee kwa muda, na Aprili 2013 chuo kilirudishiwa kibali. Lakini wapo waliokuwa wameshahamia vyuo vingine.

Vyuo vyote vilijifunza somo hilo. Tangu mwaka 2014, chuo cha Uingereza kinachotaka kubaki na kibali kilitakiwa kuhakikisha kwamba waliokataliwa viza kati ya wale kiliowapa hati hawafiki asilimia 10. Mei 2025 serikali ilitangaza mpango wa kukaza zaidi hadi asilimia 5. Maana yake kwa mtoto wa Kagera ni hii: chuo chenye hofu ya kupoteza kibali kinaweza kusita kumpa hati mwombaji ambaye kinadhani atanyimwa viza, hata kama ana alama nzuri. Kitamhoji kwa video, kitauliza pesa zimetoka wapi, kitataka taarifa za benki. Mzazi akiona maswali hayo asikasirike. Chuo kinalinda kibali chake.

Ukubwa wa jina nao si kinga. Mei 2025 serikali ya Marekani ilitangaza kukifutia Harvard ruhusa ya kupokea wanafunzi wa kigeni, ambao walikuwa zaidi ya robo ya wanafunzi wake. Chuo kilikwenda mahakamani na kesho yake jaji akasimamisha amri hiyo. Kwa siku ile moja, wanafunzi wa chuo kinachojulikana dunia nzima walikuwa kwenye mashaka yaleyale waliyoyaonja wale wa London mwaka 2012.

Sheria hubadilika mtoto akiwa njiani

Kanuni za wanafunzi wa kigeni ni siasa pia. Wananchi wakilalamika kuhusu uhamiaji au kodi za nyumba, wanafunzi huwa wa kwanza kuguswa, kwa sababu ni rahisi kuwahesabu na hawapigi kura.

Januari 2024 Uingereza iliwazuia wanafunzi wengi kwenda na mke, mume au watoto. Waliobakiziwa ruhusa ni hasa wa shahada za utafiti.

Mwezi huohuo Kanada iliweka ukomo wa vibali vipya vya masomo. Kwa mwaka 2024 lengo lilikuwa vibali takriban 360,000, pungufu kwa asilimia 35 kuliko mwaka uliotangulia. Waombaji wengi walianza kuhitaji barua ya ziada kutoka serikali ya jimbo, na kiasi cha pesa za kujikimu ambacho mwombaji mmoja lazima aonyeshe kilipanda kutoka dola 10,000 hadi dola 20,635 za Kanada. Familia iliyokuwa imekusanya pesa kwa hesabu ya zamani ilijikuta iko nusu ya njia.

Juni 2025 Marekani ilisimamisha viza za masomo kwa raia wa nchi kadhaa, wakiwemo majirani zetu wa Burundi. Vyuo vilivyokuwa vimewakubali havikuwa na la kufanya juu ya viza hizo.

Vyuo hujibu mabadiliko kama haya kwa njia chache. Vingine humruhusu mwanafunzi aahirishe kuanza hadi muhula ujao. Vingine hurudisha malipo ya awali vikikata kiasi fulani, na vingine havirudishi kabisa. Yote hayo huandikwa kwenye kanuni ya kurudisha ada. Karatasi hiyo isomwe kabla ya kulipa, na kama lugha ni ngumu, mpelekee mwalimu wa sekondari ya kata akusomee.

Wakala analipwa na nani

Wakala anaweza kuwa msaada wa kweli. Anajua fomu, anajua tarehe, anajua chuo kipi kina nafasi. Lakini vyuo vingi humlipa kamisheni kwa kila mwanafunzi anayejiandikisha. Ndiyo maana wakala anaweza kukusifia vyuo vitatu tu miongoni mwa mamia. Hivyo vitatu ndivyo vinavyomlipa. Muulize waziwazi: chuo hiki kinakulipa? Wakala mwaminifu atajibu bila kukwepa.

Hatari kubwa ni barua ya kughushi. Mwaka 2023 Kanada iligundua kwamba wanafunzi kadhaa, wengi wao kutoka India, walikuwa wameingia kwa barua za vyuo zilizoghushiwa na wakala. Baadhi yao hawakujua lolote hadi walipoomba kukaa zaidi, wakiwa wameshamaliza masomo katika vyuo vingine. Serikali ililazimika kuchunguza mmoja mmoja ili kuwatofautisha waliotapeliwa na waliokuwa wamekusudia kudanganya. Kuanzia Desemba 1, 2023, chuo cha Kanada hutakiwa kuithibitishia serikali moja kwa moja kila barua inayoombewa kibali cha masomo.

Wewe pia unaweza kuthibitisha, na haihitaji zaidi ya simu yenye bando. Usitumie namba wala barua pepe iliyoandikwa kwenye barua unayoitilia shaka. Tafuta tovuti rasmi ya chuo mwenyewe, chukua anwani ya ofisi ya udahili, tuma picha ya barua na uulize: je, hii mmeitoa ninyi?

Kwa Tanzania, mawakala wanaopeleka wanafunzi vyuo vikuu vya nje wanatakiwa kutambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU. Kama mtu anakuja kijijini na vipeperushi na jina lake TCU hawalijui, mwambie asubiri hadi limejulikana.

Mlango wa kurudia nyumbani

Wengi huuliza jinsi ya kwenda. Wachache huuliza jinsi shahada itakavyorudi.

Kila nchi ya ukanda wetu ina chombo cha kutambua vyuo na shahada. Tanzania ni TCU. Kenya ni Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE. Uganda ni Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, NCHE. Mwajiri anayepokea shahada ya nje anaweza kudai uthibitisho wa vyombo hivi, na serikalini hilo ni jambo la kawaida.

Mambo matatu huangaliwa. Je, chuo kina ithibati katika nchi yake? Je, kozi hiyo ilikuwa na ithibati? Na mwanafunzi aliingia akiwa na sifa gani? Hilo la tatu huwaumiza wengi. Wakala akikuambia "huko hawaangalii alama", huenda ni kweli kwamba huko hawaangalii, lakini hapa wataangalia. Kijana anaweza kusoma miaka minne, akafaulu, na bado akapata shida ya kutambuliwa kwa sababu ya mlango alioingilia.

Ndiyo sababu TCU hutoa hati ya kutokuwa na pingamizi, inayojulikana kwa kifupi kama NOC, kwa Mtanzania anayekwenda kusoma nje. Ombi la hati hiyo ndiyo nafasi ya kuambiwa mapema kama chuo na kozi vina shida. Aliyesoma sekondari nje ya nchi, kama vijana wetu wengi wanaosoma Uganda, atahitaji pia ulinganifu wa matokeo yake kutoka Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA.

Kwa udaktari, uuguzi, famasia, sheria na uhandisi kuna hatua ya ziada, kwa sababu mabaraza na bodi za taaluma hizo zina masharti yao ya usajili. Piga simu huko kabla ya kuchagua chuo.

Dunia inapotikisika

Mwishoni mwa mwaka 2019 virusi vya korona vilipoanzia Wuhan, mji huo ulikuwa na wanafunzi wengi wa Kiafrika, wakiwemo Watanzania na Wakenya. Baadaye China ilifunga mipaka, na wanafunzi waliokuwa wamerudi makwao wakakaa zaidi ya miaka miwili, hadi Agosti 2022, kabla ya kuruhusiwa kurudi. Vyuo viliwafundisha kwa intaneti. Kwa mwanafunzi wa uhasibu hilo lilibebeka. Kwa wa udaktari, asiyegusa mgonjwa, lilikuwa tatizo ambalo mabaraza ya madaktari duniani yalilitazama kwa jicho kali.

Februari 2022 vita vya Ukraine viliwakimbiza maelfu ya wanafunzi wa Kiafrika. Aprili 2023 vita vilipozuka Sudan, wanafunzi wa Afrika Mashariki waliondolewa Khartoum. Na safari hii vyuo vyetu vilikuwa upande wa kupokea: wanafunzi wa udaktari wa chuo kimoja cha Khartoum, University of Medical Sciences and Technology, walipata pa kuendelea na mafunzo ya hospitali Muhimbili, Dar es Salaam, na wengine Rwanda.

Katika dharura zote hizo, karatasi zilikuwa na uzito mkubwa. Mwenye nakala za matokeo ya kila muhula alikuwa na kitu cha kuonyesha chuo kipya. Ambaye matokeo yake yote yalibaki kwenye ofisi iliyofungwa kwa mabomu alikuwa na kazi ngumu ya kujieleza. Mwambie mwanao: kila muhula ukiisha, omba matokeo yenye muhuri, yapige picha, yatume nyumbani. Na siku ya kwanza akifika, ajiandikishe ubalozini.

Maswali nane kabla ya kulipa

1. Barua hii ina masharti au haina? Masharti yapi?
2. Chuo chenyewe kimethibitisha, kupitia anwani ya tovuti yake rasmi, kwamba barua ni yake?
3. Chuo kina kibali cha kupokea wanafunzi wa kigeni sasa hivi? Nchi nyingi huweka orodha hiyo wazi.
4. Chuo na kozi vina ithibati kule, na TCU, CUE au NCHE wanavitambua?
5. Ada yote ni kiasi gani hadi kumaliza, pamoja na malazi, bima na viza? Huipandisha kila mwaka?
6. Viza ikikataliwa, malipo yatarudi? Kiasi gani, baada ya muda gani?
7. Akaunti ya kulipia ina jina la chuo, au jina la mtu?
8. Mwanafunzi anaruhusiwa kufanya kazi saa ngapi? Uingereza kwa shahada ya kawaida ni saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Bajeti inayotegemea mtoto afanye kazi usiku kucha imejengwa juu ya mchanga, kwa sababu akizidisha saa anahatarisha viza.

Barua ya mzee

Turudi Karagwe. Tulimpigia mzee, tukamsalimu, tukamsomea barua pamoja na bintiye mkubwa aliyekuwa ameshika simu. Tuligundua mambo matatu. Chuo kipo, na ofisi yake ya udahili ilijibu barua pepe ya kijana baada ya siku mbili kwamba barua ni yao. Barua ilikuwa na masharti mawili, na moja, mtihani wa lugha, kijana hakuwa ameufanya wala hakuambiwa. Na akaunti ya malipo ya siku 14 haikuwa ya chuo. Ilikuwa na jina la mtu binafsi.

Siku 14 zilipita na hakulipa. Aliyempelekea barua aliacha kupokea simu. Chuo chenyewe, kilipoulizwa, kilisema nafasi inaweza kuahirishwa hadi muhula unaofuata, kijana akitimiza masharti. Mzee alituambia, "Basi mwanangu, ng'ombe walale. Kijana asome kwanza hicho Kiingereza."

Hatuwezi kukuahidi kwamba kila barua itakuwa na mwisho kama huo. Kuna nyingine ambazo ni za kweli, zenye ufadhili, na kuzichelewesha ni kupoteza. Kwa hiyo usikae na barua ukiiogopa. Itume, iulize, ithibitishe, na fanya hivyo wiki hiyohiyo. Ukikwama, tutumie picha ya barua kwenye WhatsApp ya kituo, ukiwa umefunika jina na namba ya pasipoti ya mtoto, nasi tutakusaidia kuisoma. Kahawa ikishauzwa hairudi ghalani.